Mkono Una Alama 12 Tu

Wazazi wanaoniandikia kuuliza kama mtoto wao asome Sanaa katika sekondari ya juu huanza karibu wote kwa neno lile lile: anajua kuchora. Huambatanisha na picha, aghalabu uso wa mchezaji wa mpira au wa mwanamke aliyejitanda, ulioigwa kwa penseli kutoka kwenye simu hadi unywele wa mwisho wa kope, na mara nyingi kazi yenyewe huwa safi kweli. Kisha hungoja niwaambie kwamba basi, asome. Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia, na kwa kuwa nimekwisha kulirudia sana, nimeona afadhali niliandike hapa likae.

Mimi nilisoma Sanaa za Kuona, Ngazi ya Juu, katika diploma ya International Baccalaureate (IB), mtaala wa kimataifa wa sekondari ya juu, kwenye shule ya binafsi hapa Mombasa, kwa ufadhili. Jirani zangu wachache walikuwa wakisoma Sanaa na Ubunifu ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yenye karatasi tatu: nadharia, kazi ya vitendo inayofanywa chini ya usimamizi wa mtihani, na mradi unaochukua muda mrefu zaidi. Tulikuwa tukikutana jioni na kulinganisha tulichopewa. Sitajadili hapa upi ulio bora, kwa sababu tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili niliiona katika ada na vifaa zaidi kuliko katika akili inayotakiwa. Nitazungumzia niliyoyapitia mimi, na msomaji wa upande wa pili atajionea mwenyewe yanayomhusu.

Mtaala niliousoma, ambao unatahiniwa kwa mara ya mwisho mwaka 2026 kabla ya ule uliofanyiwa marekebisho kuanza kutahiniwa mwaka 2027, uliigawa kazi ya miaka miwili katika sehemu tatu. Uchunguzi linganishi, yaani maandishi na vielelezo kuhusu kazi zisizopungua tatu za wasanii wasiopungua wawili, ulichukua asilimia 20. Jalada la mchakato, linaloonyesha jinsi mawazo yalivyozaliwa, yakajaribiwa na mengine yakaachwa, lilichukua asilimia 40. Maonyesho ya mwisho, ya kazi 8 hadi 11 kwa wa Ngazi ya Juu, yalichukua asilimia 40 iliyosalia. Sasa tazama alama zinavyogawanywa ndani ya jalada. Jumla ni 34, na katika hizo, ufundi wa mkono una 12. Zile 22 nyingine ni za uchunguzi, za kueleza wazo na nia, za kuipitia kazi na kuirekebisha, na za mpangilio wa kurasa. Katika maonyesho, jumla ni 30, na ufundi una 9, sawa kabisa na uzito wa wazo na sawa na jinsi kazi zinavyoshikana. Uchunguzi linganishi haukuulizi kabisa kama unajua kuchora.

Ndiyo maana mwanafunzi mwenye mkono hodari anaweza kumaliza akiwa na alama za wastani tu, na huyu ndiye ninayemwona akiumia kuliko wengine, maana tangu shule ya msingi amesifiwa kwa jambo moja, na ghafla anaambiwa kwamba jambo hilo ni thuluthi ya kazi. Hukasirika, na simlaumu. Huona kama ameingia katika mbio za miguu akakuta wanapima na uzito wa mizigo. Lakini mtahini hana chuki na mkono mzuri. Anachotaka kujua ni kwa nini mkono huo uliamua kuchora hiki na si kile, kwa rangi hii na si ile, na ni nini kilichotupwa njiani.

Mahali pa kuyajibu hayo ni daftari. Kila mwanafunzi wa kozi hii huwa na daftari la michoro analotembea nalo miaka miwili yote, na kurasa za jalada huchaguliwa humo. Nimeona madaftari ya kila namna, na yale yanayonikatisha tamaa ni yale mazuri mno: mistari ya mapambo pembezoni, vichwa vya habari kwa wino wa dhahabu, picha zilizokatwa kwenye mtandao na kubandikwa zikiwa zimenyooka, na chini yake sentensi kwamba msanii huyu amenivutia sana. Mtahini akishafungua kurasa kadhaa za namna hiyo huwa amekwisha kufahamu kwamba daftari limeandikwa mwishoni, kwa mkupuo, ili lifanane na daftari.

Nitatoa mfano wa ukurasa uliofanya kazi yake. Mwanzoni mwa mwaka wa kwanza nilikuwa nikienda Mji wa Kale kuchora milango ya nakshi, na nilikuwa nachora kila jani la kila ua kwa uvumilivu ambao leo siuwezi. Mwalimu wetu aliitazama michoro hiyo, akauliza swali moja: fundi alianzia wapi? Sikuwa na jibu, kwa sababu aliyeuchora mlango kutoka nje huanzia pale jicho lake lilipotua. Nikaenda kwa mzee mmoja mchongaji, karakana yake iko kwenye uchochoro usiopita gari, nikamsalimu na kumweleza shida yangu. Akanitazama, akatazama daftari. “Mwanangu, wewe umechora maua,” akasema. “Mimi kwanza nachora duara.”

Akachukua bikari, akagawa uso wa ubao kwa vipimo, akapiga duara baada ya duara zikikatana, na ndani ya makutano yale ua likajitokeza bila mtu kulichora. Patasi ilikuja baadaye kabisa, kufuata mstari ambao ulikwisha kuamuliwa. Akanionyesha pia kwamba mfaa, ule mhimili wa katikati wenye nakshi unaofunika mwanya wa mbao mbili za mlango, huchongwa peke yake kama kipande kinachojitegemea, na ndiyo maana mara nyingine mtindo wake hautangamani sana na fremu. Kurasa nilizojaza pale zilikuwa na duara zilizopinda, vipimo, alama za mishale na maneno yake nusunusu, na vumbi la mbao likaingia kwenye mshono wa daftari. Kurasa hizo ziliingia kwenye jalada. Michoro yangu ya mwanzo, yenye majani yote, iliingia pia, ikiwa midogo, kuonyesha nilichokuwa nakidhania kabla sijajua. (Hapa niseme jambo la pembeni: watembezaji wageni wana tafsiri tayari ya kila mnyororo na kila samaki aliyechongwa mlangoni, na baadhi ya tafsiri hizo hubadilika kulingana na uraia wa mgeni. Mwanafunzi asizinakili. Aandike alichokiona na alichoambiwa na mchongaji, na amtaje nani kamwambia.)

Sehemu iliyonichukua muda mwingi zaidi haikuwa milango, bali ni suala la nyuso. Katika nyumba nyingi za huku kwetu picha ya kiumbe chenye roho haitundikwi ukutani, na ami yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinilipia nauli ya kwenda shuleni, hakuficha kwamba hapendi nichore watu. Hakunikataza. Alisema tu, kwa upole uliokuwa mzito kuliko ukali, “Chora upendavyo, lakini hiki wataka kukitia wapi?” Wanafunzi wenzangu wengine walikuwa wakichora nyuso za familia zao bila wasiwasi, na wengine waliona swali langu ni la kizamani. Mimi sikutaka kulikimbia wala kulipigania. Nilitaka kujua kama ndani yake mna kazi.

Jibu lilitoka kwenye kanga. Kila mwanamke wa Mombasa anajua kwamba kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Nilichokuwa nakiona siku zote bila kukitazama ni kwamba mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni na nyingine akajitanda, ujumbe wake humfuata nyuma. Anayeusoma ni yule anayebaki. Bibi yangu alikuwa na kisutu kilichopauka na kanga nyingine iliyoandikwa *Wastara hazumbuki*, na nilipoanza kumchora kwa nyuma akitembea ukumbini, akikaa kwenye mkeka, akiinama kupepeta mchele, nikagundua kwamba nilikuwa nachora picha za mtu anayejulikana kabisa bila uso kuonekana. Bega lake lilikuwa linatosha. Maonyesho yangu yote yalikua kutoka hapo: vitambaa vya marikani vilivyogawanywa kwa mpango wa kanga, pindo likiwa limepigwa chapa kwa vipande vya soli za ndara kuukuu nilizozichonga nakshi za mlangoni, na ndani ya mji, mahali pa korosho na mananasi, mgongo wa mwanamke mmoja. Baadhi ya vitambaa niliviacha mji ukiwa mtupu. Ami alikuja siku ya maonyesho, akazunguka polepole, na akasimama kwa muda mrefu mbele ya kile kilichokuwa kitupu. Hakusema neno, nami sikumwuliza.

Ningeweza kuyaandika haya kama kisa cha kizuizi kilichogeuka baraka, lakini sivyo ninavyoliona. Mwanafunzi mwingine kutoka nyumba ile ile angeweza kuamua kuchora nyuso na kulitetea hilo, na mtahini angempa haki yake. Kilichohesabiwa ni kwamba uamuzi ulikuwepo na ulionekana kurasa kwa kurasa.

Uchunguzi linganishi ulinipa ugumu wa namna nyingine. Nilichagua vyungu viwili vya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanya kazi yake Uingereza, na kigango kimoja cha Wamijikenda. Kilichoviunganisha kilikuwa mwili wa binadamu. Vyungu vya Odundo vina shingo, tumbo na nyonga, na hujengwa kwa mkono bila gurudumu, ufundi ambao sehemu yake alijifunza Nigeria katika miaka ya 1970. Hukisugua chungu mpaka king'ae, na kikichomwa katika tanuri yenye hewa ya kutosha hutoka chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, na kikichomwa tena hewa ikizuiliwa hugeuka cheusi. Kwa hiyo vyungu viwili vya udongo mmoja vinaweza kuonekana ni vya dunia mbili, na tofauti yao ni pumzi ya moto tu. Kigango nacho ni ubao mrefu uliochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wa Kimijikenda, kichwa chake mara nyingi kikiwa duara bapa, na kifua chake kikiwa kimejaa pembetatu zilizokatwa kwa mpangilio. Nilipoanza kuandika, nilikuwa na kurasa nyingi za Odundo, mahojiano yake, maonyesho yake, majina ya makumbusho. Kwa kigango nilikuwa na picha moja ya makumbusho ya Marekani na maelezo yasiyo na jina la mchongaji wala la marehemu. Mtu anayekumbukwa na mtu aliyemkumbuka wote walikuwa wamefutwa.

Mwalimu hakuniruhusu nipite juu ya jambo hilo kwa sentensi moja. Vigango havikusudiwi kuhamishwa. Husimama mahali viliposimikwa mpaka vioze. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 viliibwa na kuuzwa kwa wingi, na vingi vikaishia kwenye mikusanyo ya watu binafsi na ya makumbusho ng'ambo. Vichache vimerudi: viwili vya familia moja ya Wagiriama, ambao ni miongoni mwa Wamijikenda, vilirejeshwa mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho ya mjini Denver yaliviachilia vigango 30 virudi Kenya. Nikajikuta nalinganisha kazi ambayo msanii wake aliiweka mwenyewe kwenye kabati la kioo na kazi ambayo iliwekwa humo kwa wizi, na nikalazimika kuandika kwamba kulinganisha maumbo yao peke yake ni kuusaidia wizi huo usahaulike. Wa Ngazi ya Juu alitakiwa pia kuonyesha jinsi kazi alizozichunguza zilivyoathiri kazi yake mwenyewe. Niliandika kwamba kwa Odundo nilichukua mstari wa bega, na kwa kigango sikuchukua umbo lolote, na nikaeleza sababu. Nilikuwa na hofu kwamba jibu hilo lingehesabiwa kuwa pengo. Halikuhesabiwa hivyo.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Unyevunyevu wa Mombasa si rafiki wa karatasi; masika yakifika, karatasi ya katriji hulegea, rangi za maji hukawia kukauka, na kazi iliyoviringishwa na kuwekwa chini ya kitanda huota ukungu. Hifadhi kazi ikiwa imelala, juu ya kabati, na plastiki iwe na mwanya. Turubai za dukani ni ghali, na marikani iliyopigwa misumari kwenye fremu ya mbao, ikapakwa gundi nyeupe kisha rangi nyeupe ya ukutani, hubeba akriliki vizuri. Na mahali pa bei nafuu pa kujifunza mstari ni Ngome ya Yesu, ambako kuna michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno, ya meli, makanisa, samaki na watu, kwa weusi wa mkaa na udongo mwekundu. Aliyeichora hakuwa na mteja wala mtahini, na meli zake zimebeba upepo kuliko nyingi ninazoziona katika maduka ya zawadi.

Kisha kuna kuandika, jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Katika mtaala niliousoma, maonyesho ya Ngazi ya Juu yaliambatana na maelezo ya maneno yasiyozidi 700 kuhusu uteuzi na mpangilio wa kazi, na kila kazi ilikuwa na maandishi yake mafupi. Jalada nalo, lenye kurasa 13 hadi 25, lilijaa maandishi. Mwanafunzi anayeikimbilia Sanaa kwa sababu amechoka na insha ataziona tena humu, na safari hii hana pa kujificha, maana mada ni yeye. Nilifuta zaidi ya nilivyoandika. Kazi mbili nilizozipenda mno niliziondoa kwenye maonyesho wiki ya mwisho kwa kuwa sikuweza kueleza zinafanya nini karibu na zile nyingine, na mpaka leo moja yazo iko ukutani kwa mama, ambaye haioni kasoro yake.

Sasa wazazi wengi wanaoniandikia wana watoto wa Gredi ya 10, kwani sekondari ya juu ya mtaala mpya ilianza Januari 2026 na Sanaa imewekwa katika njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Swali la atakula nini huja palepale, na hulijibu kwa kifupi: waliosoma nami wengine wako kwenye usanifu wa majengo, wengine kwenye matangazo, mmoja kwenye udaktari wa meno, na wengine bado wanatafuta, kama waliosoma Biashara. Swali ambalo ningependa waulize ni la shule yenyewe. Si kila shule ina njia hii, na miongoni mwa zile zinazoitangaza, kutangaza na kufundisha ni mambo mawili. Ukienda kuitazama shule, usiridhike na picha zilizotundikwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, kwa sababu hizo huchaguliwa kwa ajili yako. Uliza kama mwalimu wa Sanaa ni wa kudumu au anaazimwa kutoka somo jingine. Uliza kama chumba kina sinki la maji na mahali pa kuhifadhia kazi mbichi. Kisha omba, kwa adabu, uonyeshwe daftari moja la mwanafunzi aliye katikati ya mwaka, na ulifungue mahali popote isipokuwa ukurasa wa kwanza. Ukikuta kitu kimechorwa, kikakatwa kwa mstari, na kando yake pameandikwa kwa nini, mpeleke mtoto hapo.